Benchi Lililoegemea Posta ya Zamani

Mambo yalianza Jumanne, saa kumi na dakika kumi alasiri, Futi alipofika kijiweni na barua aliyokuwa ameibeba mkobani kwa wiki tatu. Jina hilo alipewa kwa sababu ya utepe wa kupimia usiomtoka mkononi; alikuwa mchoraji ramani, kazini mwezi wa pili, bado wa majaribio. Barua ya ofisi yake ilisema benchi la kijiwe liondolewe. Nyuma ya benchi hilo, chini ya mabati yaliyobandikwa matangazo tabaka juu ya tabaka, ulikuwepo mlango mkuu wa posta ya zamani, iliyokuwa ikikarabatiwa iwe maktaba na ukumbi wa mtaa. Mafundi walipitia uani. Mkaguzi angekuja kesho yake saa tatu asubuhi. Asipokuta watu wanaingilia mbele, jengo lingerudi kuwa stoo ya madawati mabovu. Na Futi, kwa kuwaogopa wazee wa kijiwe, alishaandika kwenye ripoti: “Wenye benchi wameelezwa, wamekubali.” Hakuwa amewaambia hata neno.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, Futi, akasema Bi Buli, muuza kahawa. Kaa, mama. Kikombe chako hiki.

Akakaa. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake la kila siku: akishakaa, barua haitoki.

— Leo nimekuja na jambo, akaanza.

— Jambo tunalo sisi, akamkata Redio, kinyozi. Hilo jengo hatupewi ng’o. Jana nimemnyoa fundi rangi, kaniambia kuta zinapakwa chokaa mara tatu. Maktaba na chokaa mara tatu, wapi na wapi? Wanaficha kitu.

— Barua zetu, akasema Gundi, fundi viatu, sindano mdomoni. Hazikupotea zile, zimejengewa humo ukutani. Mimi mpaka leo nasubiri jibu la posa.

— Jibu ulilipata. Bibie aliolewa na mwingine, akasema Bi Buli.

— Hilo la mdomo. Mimi nasubiri la maandishi.

Hakimu, mzee aliyestaafu utarishi wa mahakama na asiyeacha hoja ipite bila hukumu, aliegemea nyuma, mabati yakalia.

— Barua ni danganya toto. Chini kuna handaki, linatokea benki. Wakubwa watapita huko, sisi tutaonyeshwa vitabu.

— Mzee, hakuna handaki, akasema Futi. Nimepima vyumba vyote saba mwenyewe.

— Umepima kwa juu, binti yangu. Handaki lina adabu, halijitokezi kwa wapimaji.

— Lakini mzee...

— Nahukumu. Kuna watu wamekaa makusudi kuzuia wananchi wasiingie humo. Wametukalia miaka yote.

— Wana roho mbaya, akasema Gundi.

— Hawana haya, akaongeza Redio, akijinyoosha mgongo kwenye mabati.

Futi akameza kahawa ya moto bila kuipuliza.

Hapo akatokea mwanamke aliyehamia mtaani wiki ile, akisukuma kiti cha magurudumu. Kwenye kiti alikaa mama yake, miwani shingoni, kitabu mapajani.

— Samahanini, mama kasikia habari za maktaba. Uani kuna ngazi tisa, siwezi kumpandisha. Mlango wa mbele uko wapi?

Redio akatazama kushoto. Gundi akatazama kulia. Hakimu akatazama juu, kana kwamba posta za zamani zilikuwa zikiingiliwa paani.

— Hilo, akasema hatimaye, linataka kamati.

Futi alishika barua ndani ya mkoba. Akaiacha humo humo. Mama wa kwenye kiti alimtazama yeye, si wazee, akangoja. Kisha binti yake akageuza magurudumu. Bi Buli akainamisha buli. Halikutoka hata tone. Wakatawanyika, kamati ikiwa na wenyeviti watatu.

Futi hakulala. Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, alibisha mlango wa Hakimu, akampa barua, na juu ya barua nakala ya ripoti yake, ule mstari wa uongo ameupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Akasimama kizingitini hadi mzee alipomaliza kusoma vyote viwili. Ndipo akamwomba avae viatu, waende wakashike benchi waliondoe, huku yeye, huku mzee.