Sonia Petryk Haugen, Aliyemwamuru Baba Yake wa Ubatizo

Dada yetu Sonia alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Dolyna, Saskatchewan, kifungua mimba wa Stefan na Olha Petryk. Mimi, Taras, ninayesoma maneno haya, nilimfuata miaka minne baadaye na sikuwahi kumshinda kwa lolote ila kelele. Alibatizwa katika kanisa hili, na aliyemshika mbele ya padri alikuwa Mzee Metro Kowalchuk, rafiki mkubwa wa baba. Kwetu baba wa ubatizo habishiwi. Akisema theluji ni nyeusi, unaitikia ndiyo na kumkaribisha kahawa.

Sonia alikuwa mwoga. Nasema hivyo bila kumvunjia heshima, maana mwenyewe alikuwa akisema. Aliogopa radi, aliogopa bata bukini wa jirani, aliogopa kuitwa ubaoni. Hata hivyo alisoma vizuri shule ya msingi hapa Dolyna, akamaliza sekondari Canora mwaka 1979, na mwaka 1981 akapata stashahada ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Saskatoon.

Mwaka 1982 aliajiriwa katika ghala la nafaka la hapa kijijini kama mkaguzi wa ubora wa ngano. Mwezi Septemba 1988, akiwa na miaka ishirini na saba, aliteuliwa kuwa meneja. Wanaume wanne aliowasimamia walikuwa wamemwona akijifunza kutembea. Mkubwa wao alikuwa Mzee Metro, aliyeanza kazi pale kabla Sonia hajazaliwa.

Asubuhi ya kwanza walimpokea kwa vicheko.

"Haya, bosi," alisema Walter Shewchuk, aliyekuwa akiendesha mashine. "Tuanze kazi, au tukusuke nywele kwanza?"

"Mwacheni mtoto," alisema Mzee Metro. "Atachoka mwenyewe."

Baba naye hakumsaidia. Alimwambia mezani, mbele yetu sote: "Metro ni ndugu yangu mbele ya Mungu. Ukimpandishia sauti, usikanyage hapa."

Basi kazini Sonia akawa anampa Mzee Metro na wenzake amri kwa njia ya kuuliza. "Baba, mnaonaje tukizima mkanda wa nafaka kabla mtu hajaingia kwenye kihenge?" Nao wakawa wanajibu kwamba hawaoni haja. Ngano ikishikamana juu na kufanya ganda, wazee hao walikuwa na desturi ya kuingia ndani, kutembea juu yake na kuivunja kwa mti mrefu, huku mkanda ukiendelea kuvuta nafaka chini. Walifanya hivyo miaka mingi na walikuwa hai, na huo ndio uliokuwa ushahidi wao wote. Sonia alikuwa akitapika nyumbani kabla ya kwenda kazini. Mama alidhani ana mimba. Mimi nilijua kwamba kila siku alikuwa akimwona akilini mtu akizama ndani ya ngano, kabla mtu yeyote hajazama.

Tarehe 6 Januari 1989 ilikuwa mkesha wetu wa Krismasi, kwa kalenda ya zamani ya kanisa letu. Ngano ilishikamana, malori yalikuwa yakingoja, na kila mtu alitaka kuwahi nyumbani kabla ya nyota ya kwanza, inayoanzisha chakula cha mkesha. Sonia alimwona Mzee Metro akichukua mti wake.

"Baba, si leo, tafadhali."

"Dakika moja tu, mwanangu."

Sote hapa tunajua kwamba anayegombana mkesha ule atagombana mwaka mzima. Jioni hiyo hiyo Sonia alitakiwa kumpelekea mzee huyo bakuli la ngano ya asali, kama mtoto wa ubatizo anavyopaswa. Aliomba tu ajifunge kamba kiunoni, na mzee akajifunga huku akicheka.

Ganda lilikatika chini ya miguu yake. Sonia alipochungulia mlangoni juu ya kihenge aliona mabega na kofia, na ngano ikimpanda kifuani. Alizima mkanda na kupiga kufuli kwenye swichi. Alinisimulia kwamba alishuka ngazi kwa makalio ili kuifikia swichi hiyo, akapanda tena. Mzee alikuwa akipiga kelele na kutapatapa, na kila alipotoa pumzi ngano ilimbana zaidi. Walter alishika kamba akilia.

Ndipo Sonia, ambaye hakuwahi kumjibu mkubwa, akapaza sauti iliyosikika hadi kwenye malori.

"Metro! Funga mdomo! Usisogee! Pumua kidogo kidogo!"

Metro. Bila mzee, bila baba. Naye alitulia kama aliyepigwa kofi. Majirani walifika na mbao, wakamzungushia ukuta mdogo, wakaichota ngano kwa ndoo na makopo ya kahawa hadi akatoka. Nyota zilikuwa zimeshajaa angani.

Alipovikwa blanketi, neno lake la kwanza halikuwa asante. "Umeniita kwa jina langu mbele ya watu," alimwambia Sonia, "kama unaita mbwa."

Siku ya kurudi kazini Sonia alitangaza kwamba hakuna atakayeingia tena kihengeni, kisha akamhamishia Mzee Metro kwenye mizani ya lori. Mzee alifanya kazi mizani hadi kustaafu bila kumsemesha. Kila mkesha Sonia aliacha bakuli kwenye ngazi za nyumba yake, na kila mwaka bakuli lilirudishwa limeoshwa, bila neno.

Tarehe 20 Juni 1992 alifunga ndoa na Glen Haugen wa Yorkton, wakajaliwa binti mmoja, Larissa. Mzee Metro alikuja, akabariki mkate, akala sana, akaondoka. Glen aliuliza kama huyo mzee ni bubu.

Oktoba 2018 madaktari walimgundua Sonia kuwa na saratani ya kongosho. Aliogopa, na hakujifanya jasiri kwa ajili yetu. Mwanzoni mwa mwezi huu, katika hospitali ya Yorkton, Mzee Metro aliingia na mkongojo wake na kuketi bila kukaribishwa. Nilikuwepo.

"Unaogopa?" alimuuliza.

"Sana, baba."

"Na mimi kule ndani niliogopa."

"Uliwaambia watu hukuogopa."

"Niliwadanganya. Nilijikojolea. Uliponiita Metro, nilisema asante Mungu, kuna mtu mmoja mwenye akili huko juu."

"Na miaka yote hii umeninunia?"

"Ningesemaje? Ulikuwa mtoto. Sisi hatukufundishwa kumwomba radhi mtoto." Akavua kofia. "Haya, bosi. Nipe amri."

Sonia alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. Kisha akamshika mkono na kusema, "Usiondoke."

Hakuondoka. Alilala kwenye kiti, akawakatalia wauguzi waliomtaka aende nyumbani, na alikuwepo alfajiri ya tarehe 9 Mei 2019, Sonia alipokata roho.

Ameacha mume wake Glen, binti yake Larissa, mama yetu Olha, mjane wa baba, mimi mdogo wake, na baba yake wa ubatizo Metro Kowalchuk, wa miaka themanini na nane, ambaye anasisitiza kulibeba jeneza hadi ukingoni mwa kaburi. Udongo umelowa, unateleza, na magoti yake hayafai. Tumembembeleza, padri amembembeleza, na tunaogopa. Aliyeweza kumwamuru ndiye tunayemzika.

Kumbukumbu yake iwe ya milele. Sonia, lala sasa, usiogope.