Bwana Kabla: Miaka Kumi na Minane ndani ya Mikoko

Alhamisi, tarehe 31 Julai 1919, Bwana Shekhan bin Badawi anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi yetu ya Boriti hapa Amu kwa miaka kumi na minane. Aliingia mwaka 1901 akiwa karani wa kupokea boriti gatini, na anatoka akiwa Mkaguzi wa Mikoko, kazi ambayo kabla yake haikuwa na mtu wala jina. Sisi tuliofanya kazi naye tumeafikiana kwamba wasifu huu usiwe wa kumpamba. Hana haja. Tutasimulia aliyoyatenda, basi.

Bwana Shekhan ni mzaliwa wa mtaa wa Mkomani, hapa Amu. Alisoma chuo cha Kurani mpaka akahitimu, kisha akahudhuria darsa za fiqhi, na wengi walidhani atakuwa kadhi. Mwenyewe husema kwamba alichokibeba kutoka darsani ni jambo moja: shahidi haulizwi tu alichokiona, huulizwa pia alikuwa amesimama wapi alipokiona.

Ofisini alijulikana kwa viatu vyake, vilivyong'aa kuliko vya mtu yeyote, kwa kuwa havikuvaliwa. Vilikaa chini ya meza na mwenyewe yuko matopeni. Wakata boriti wa kisiwa cha Pate, kwa upande wao, walimpa jina la Bwana Kabla. Kila alipoelezwa jambo, swali lake lilikuwa lile lile: “Hilo lilikuwa kabla au baada?” Ukimwambia mbuzi wako ameugua kwa kula majani fulani, atataka kujua aliyala kabla ya kuugua au baada. Tulichoka naye, tusifiche. Mwaka 1910 tukaiona faida yake.

Mwaka ule, baada ya masika mazito, mikoko ya Hori la Mwanaupe ilianza kugeuka manjano. Hori hilo ni mkono wa bahari unaoingia bara, mkabala wa Pate, na boriti zake zilikuwa zikisifiwa hadi Arabuni. Majani yakapukutika, miti ikabaki mifupa. Mkuu wa ofisi wakati huo, Bwana Kamaludin, alikwenda mwenyewe kwa mashua akalizunguka hori lote. Aliyoyaona yalikuwa kweli tupu: palipokufa miti palikuwa na visiki na njia za wakataji, na palipokuwa na kijani hapakuwa na alama ya mtu. Akahukumu kwamba mashoka ndiyo yanayoua. Hori likafungwa.

Kwa wakataji, kufungiwa hori kulikuwa ni kufungiwa jiko. Msimamizi wao, Bwana Mselem wa Siyu, huko huko Pate, alivuka kuja Amu na wenzake, akasimama mbele ya meza ya mkuu.

“Bwana, sisi twaliikuta miti ishakufa,” alisema. “Miti mikavu ni kuni, na kuikata si taabu, ndiyo maana twenda pale. Mato yenu yametuona sisi, hayakuiona ndwele.”

Bwana Kamaludin hakuwa mtu wa kudharau wageni wake. Aliwaagizia kahawa, kisha akamjibu kwa upole: “Kila mshitakiwa husema alikuta jambo limekwisha kutendeka. Nionyesheni, nami nitafungua.”

Bwana Shekhan aliomba apewe kazi hiyo. Alitusimulia baadaye kwamba alirudi nyumbani siku ile akiwa na mawazo, akamweleza mkewe, Bi Khairiya, ambaye ni mkunga anayetegemewa na nusu ya mji huu. Bi Khairiya alicheka sana. “Na mimi je?” akamwuliza. “Kila nyumba nionekanayo pana mwanamke ana utungu. Basi utungu nautia mimi?”

Akaenda horini akiwa na maneno hayo kichwani. Hakuanza na miti, alianza na visiki. Mkoko ukikatwa ungali hai, gome hushika kisiki, na chini yake hubaki wekundu. Ukifa kwanza, gome hubanduka na dumuzi huingia wakaula mti kwa ndani. Katika visiki vya Mwanaupe aliona vijia vya dumuzi vilivyopasuliwa kati na shoka. Shoka haliwezi kupasua kijia ambacho hakijachimbwa. Wadudu walitangulia, wakataji wakafuata.

Alileta vipande vya visiki ofisini, akavipanga mezani. Bwana Kamaludin alivigeuza kimoja kimoja, akakubali. Kisha akasema neno ambalo Bwana Shekhan hulikumbuka kwa heshima mpaka leo: “Umenionyesha kilichotangulia. Hujanionyesha kilichoua.”

Basi akarudi matopeni. Mdomoni mwa hori pana kisiwa kidogo, ambacho mkuu hakukifikia, chenye kaburi la sharifu mmoja wa zamani, na miti yake haiguswi kwa heshima ya marehemu. Hapo napo mikoko ilikuwa inakufa. Nje ya hori, upande wa Mkanda, ambako watu wamekata boriti tangu enzi za babu zetu, miti ilisimama kijani kama kasuku. Ikiwa shoka ndilo muuaji, lilimwachaje aliyepigwa na kumwua asiyeguswa? Akaanza kufukua mizizi. Kila penye mti mfu, mizizi ilikuwa imezikwa na mchanga mpya ulioteremshwa na mvua kutoka bara. Penye mti mzima, hata hatua chache kando, tope lilikuwa lile la zamani na mizizi ilikuwa wazi, ikipata hewa kila maji yanapotoka.

Hapa mtu mwingine angepiga vigelegele. Yeye alisema huenda mchanga umekuja pamoja na kitu kingine asichokiona, chumvi au maradhi, na kwamba kufuatana kwa mambo mawili si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Akasimama mbele ya Bwana Kamaludin, Bwana Mselem na sisi sote, akatamka jambo ambalo lingeweza kumwaibisha.

“Mchanga unaelekea tawi la kusini la hori,” alisema. “Huko miamba huzuia mashua, hakujapata kuingia shoka. Ikiwa mchanga ndio unaoua, miti ya huko itakuwa manjano baada ya masika yajayo, na ile ya Mkanda itabaki kijani ingawa inakatwa. Isipokuwa hivyo, nimekosea, na hori libaki limefungwa.”

Bwana Mselem aliruka. “Wacheza patapotea na riziki yetu, Shekhan? Wana wetu wale nini mpaka masika?”

“Nikikufungulia leo kwa neno langu, kesho atakuja mwingine akufungie kwa neno lake,” alijibu. “Likithibiti, hori halitafungwa tena.”

Bwana Kamaludin akaingilia kati, akawaruhusu watu wa Siyu wakate Mkanda kwa muda. Walipata kidogo, na njia ilikuwa ndefu. Mwaka ule haukuwa rahisi kwao, wala kwa Bwana Shekhan, ambaye kila alipokutana nao alijua wanachokiwaza.

Masika yakaja, yakapita. Tawi la kusini likageuka manjano kuanzia mdomoni kwenda ndani, kama alivyosema, na Mkanda ikabaki kijani. Tulitaraji arudi akicheka. Hakucheka, maana ule ulikuwa msitu mzuri mno, na alikuwa ametabiri msiba wake. Alimwambia mkuu maneno mawili tu: “Twende ukaone.” Bwana Kamaludin alikwenda, akakunja kanzu, akafukua mizizi kwa mikono yake mwenyewe. Aliporudi gatini alitangaza mbele za watu kwamba hori liko wazi, na wiki ile ile akaomba iundwe kazi ya Mkaguzi wa Mikoko na apewe Bwana Shekhan. Tunajivunia ofisi iliyokuwa na watu wawili wa namna hiyo kwa wakati mmoja.

Lakini pana sehemu ya kisa ambayo haisimuliwi sana, nasi tunaiona kuwa ndiyo kubwa. Katika kuzunguka kwake, Bwana Shekhan alikuta mahali pasipolingana na maelezo yake. Rasi ya Michu haikuwa na mchanga mpya, visiki vyake vilikuwa vyekundu, visivyo na dumuzi, na miti michache iliyobaki ilikuwa inakauka. Huko ni shoka kweli. Watu walikata mpaka wakaondoa kivuli chote, jua likalioka tope likawa gumu kama kigae. Na waliokata ni watu wa Bwana Mselem.

Angeweza kunyamaza. Wakati ule Pate nzima ilikuwa ikimwombea dua. Badala yake alivuka mpaka Siyu, akayasema barazani kwa Bwana Mselem, mbele ya watu wake, na akaomba rasi ifungwe. Bwana Mselem alinyanyuka akaingia ndani, kahawa ikapoa. Ilikuwa muda mrefu kabla hawajasalimiana tena.

Siku moja ya mwaka 1912 Bwana Mselem alikuja ofisini bila taarifa. “Neno lako lalitufaa, tukalisifu,” alimwambia. “Likatuuma, tukalikimbia. Si haki. Tuoneshe la kufanya.” Msimu ule watu wa Siyu, waume kwa wake, walikusanya mbegu ndefu za mikoko, wakazichomeka topeni rasi nzima. Miti hiyo sasa imepita kimo cha mtu, na ndege wamerudi.

Mwaka 1914 tulizibua mdomo wa Hori la Mwanaupe kwa majembe na makarai, na baada ya muda miche ikaanza kuota. Tulipompongeza, alikataa. Alisema mvua za mwaka ule zilikuwa haba, huenda mchanga umeondoka wenyewe, basi sifa tuigawe baina ya majembe na mbingu mpaka tutakapozibua hori jingine tukaona. Tulikuwa tumeshachinja mbuzi wa sherehe. Alimla, lakini hakubadili kauli.

Anahamia Shela pamoja na Bi Khairiya, ambaye ametuarifu kwamba yeye hajastaafu.

Bwana Shekhan, ahsante kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kuhukumu, na kusema kweli hata inapotukata sisi wenyewe. Watu wa Siyu wamekuletea salamu zao, na Bwana Mselem amesema atakuja kukusindikiza mpaka mlangoni. Mola akujaalie siha, akuzidishie umri wenye heri, na siku zako za mapumziko ziwe nyingi na nyepesi. Nenda kwa amani, kaka yetu. Msitu uko kijani.

Fadhil bin Barka,
kwa niaba ya wenzako wa Ofisi ya Boriti, Amu