Ningalikuja, kwa Kitaliano

Benchi letu liko nje ya gereji ya Seif hapa Karatu, pale magari ya watalii yanapopunguza mwendo. Wiki nzima tumekunywa kahawa kwa Kitaliano, na nakiri sijawahi kufurahi hivi. Moloimet, tunayemwita Roma, leo saa tisa mchana ana usaili kwa mama mmoja Mwitaliano anayetafuta mtu wa kuongoza wageni wake. Akikosa, anarudi Soitsambu kuchunga ng'ombe wa baba yake. Yamembana maneno ya “ningalifanya”.

Roma: Avrei mangiato, ningalikula. Sarei venuto, ningalikuja. Kwa nini huku avrei, huku sarei?

Mzee Clemensi, mkulima wa vitunguu wa Qurus, sisi twamwita Waziri, akaweka kikombe chini.

Waziri: Rahisi. Kuja, mwili unatoka: sarei. Kula, mwili umekaa: avrei.

Roma: Na mtu akila huku anatembea?

Waziri: Huyo hana adabu, hahesabiwi.

Seif: Mimi nashangaa watu kutengeneza sarufi nzima ya mambo ambayo hayakutokea.

Waziri: Wanajuta sana hao. Wamejenga minara imepinda.

Seif: Basi wateja wangu wote ni Waitaliano. “Fundi, ningalibadilisha oili, injini isingalikufa.”

Waziri: Hata mke wangu. Kila jioni ananiambia angaliolewa Mbulu.

Roma: Kwa hiyo ni sarei au avrei?

Waziri: Kuolewa? Hapo mwili unatoka, halafu unakaa. Weka zote mbili.

Nilicheka mpaka kahawa ikanipitia puani. Ndipo Neema, anayekaa mapokezi kwenye loji ya yule mama, akashuka kwenye bodaboda.

Neema: Kaka Moloimet, mbona hukuja?

Roma: Si saa tisa? Ndio kwanza saa nane. Ujumbe huu hapa, umeandikwa tisa.

Neema: Tisa ya kwao, kaka. Kwetu ni saa tatu asubuhi. Asubuhi yote ulikuwa wapi?

Tukatazamana. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa hapa, nasi tukimfundisha. Nilimwonea Roma huruma.

Neema: Mama anaondoka saa tisa hii ya kwetu kwenda Arusha. Panda.

Roma akapanda, kitabu chake cha Kitaliano kikabaki benchini. Pikipiki iliposhika lami tukamsikia akijisemea kwa sauti, bila kukwama popote: sarei venuto, mama, sarei venuto.

Seif: Amepatia?

Waziri: Mimi nitajuaje? Mimi nalima vitunguu.