Fanueli Shechambo, Dereva wa Kabichi na Mume wa Jenoveva wa Taveta

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1975, Mzee Fanueli Shechambo anakabidhi ufunguo wa lori baada ya miaka ishirini na miwili ya kuteremsha kabichi, karoti na plamu za Ushirika wetu kutoka Mlola hadi stesheni ya Mombo. Kamati imenipa mimi, Mjomba Athumani wa ghala, kazi ya kuandika wasifu huu, kwa sababu wenye kidato cha nne wote walisema hawana nafasi. Mimi nina darasa la nne tu, lakini la nne la zamani, lililokuwa na viboko.

Alianza kama utingo mwaka 1953, kwenye Bedford iliyowashwa kwa hendeli na maombi. Baada ya miaka miwili akapewa usukani, na hajaurudisha mpaka leo. Ukungu wa Soni haukumtisha. Siku moja, nilipokuwa utingo wake, ulikuwa mzito kiasi kwamba nilivua koti nikalitundika juu yake, na tuliporudi jioni nililikuta palepale. Mwaka 1962 breki zilikatika tukiwa tumejaza pomoni. Wengine wangeruka. Yeye akaniamuru nitupe kabichi mbele ya magurudumu kila kona, tukafika Mombo polepole kama bibi harusi. Abiria wa basi lililotufuata nyuma walikula kachumbari wiki nzima.

Lakini Mlola nzima ingenisuta kama nisingeandika habari ya mkewe.

Mama Jenoveva ni Mtaita kutoka Taveta, ng'ambo ya mpaka. Fanueli alimpata mwaka 1958 alipotumwa huko kuchukua mbegu za vitunguu. Zamani hizo hakuna aliyekuuliza unavuka kwenda wapi. Walioana kimila, kwa mbuzi na pombe ya miwa, kwa sababu bwana ni Mlutheri na bibi ni Mkatoliki, na mchungaji na padre kila mmoja alimngoja mwenzake alegeze. Mpaka leo wanangojana.

Uhuru ulipokuja tulicheza ngoma, na baada ya ngoma tukaanza kuujua mpaka. Mwaka 1968 wageni wote wakatakiwa kuonyesha vibali. Jenoveva hakuwa na kibali wala cheti cha ndoa. Akapewa mpaka mwisho wa mwezi athibitishe kuwa ni mke wa mtu, la sivyo arudi kwao. Wakati huo walikuwa na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Fanueli, aliyekuwa akiimba tenzi kila kona, akanyamaza. Lori likawa linashuka kama limebeba maiti.

Balozi wa nyumba kumi alimtuma kwa katibu wa chama. Katibu akamwambia hilo ni la uhamiaji, aende Tanga. Nikamwambia, "Mgoshi, mwanamume mwenzangu, kwa serikali huendi peke yako. Unakwenda na mtu anayejua kusema." Nikavaa koti lile lile la ukungu.

Afisa tuliyemkuta, Bwana Mussa, alikuwa kijana mpole wa pwani, ila amechoka na waume wa kukodiwa ili wageni wapate vibali. Akamuuliza Fanueli jina la mama mkwe wake. Fanueli akatazama dari. Mrefu au mfupi? Akatazama sakafu. Mweusi au maji ya kunde? Fanueli akasema, "Bwana, sura yake siijui."

Alisema kweli. Kwetu, na kwa Wataita vilevile, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni wala halitaji jina lake. Akimwona njiani anaingia kwenye mahindi. Mimi naweza kulitaja, ni Bibi Secilia, maana si mkwe wangu. Nilijaribu kumfafanulia afisa mila hiyo kwa Kiingereza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Bwana Mussa akafunga faili. "Kwetu mama mkwe ndiye wa kwanza kumjua! Nileteeni huyo mama hapa, ana kwa ana, ama mke avuke mpaka."

Nikatuma salamu kwa madereva wa mabasi, na Bibi Secilia akafika Mombo akiwa na kuku wawili na hasira. Mwenyewe alitaka kuketi nyuma ya lori, juu ya kabichi, kisogo kwa dereva. Fanueli akakivalisha kioo cha pembeni soksi yake, akaendesha hivyo mpaka Tanga. Tuliyapita magari yote kwa neema ya Mungu.

Tulikuwa tumepanga waingie kwa zamu. Bwana Mussa hakujua mipango yetu. Fanueli akiwa bado kwenye kiti, afisa akafungua mlango na kusema, "Karibu, mama." Chumba kilikuwa na mlango mmoja, na mama mkwe amesimama humo. Bibi Secilia akajifunika kanga, akageukia ukuta. Fanueli akatoka kwa dirisha.

"Askari! Mkamateni, anakimbia!" akapiga kelele Bwana Mussa.

"Akamatwe kwa kosa gani?" Bibi Secilia akauambia ukuta. "Mume wa kukodi angenikumbatia hapa, akaniita mama, tukanywa chai yako. Huyu amekwenda kuvunja mguu ili asinione. Wewe mwanangu, unataka cheti gani zaidi ya hicho?"

Bwana Mussa akachungulia nje. Fanueli alikuwa amekaa kwenye maua ya serikali, kifundo kimevimba, koti amejifunika kichwani, maana dirisha lilikuwa bado wazi. Afisa alicheka mpaka akaomba maji. Jenoveva alipata kibali siku ile ile, na baadaye akaandikishwa uraia. Tulipopandisha Soni kurudi, Fanueli aliimba tenzi zote, akikanyaga klachi kwa kisigino.

Ushirika unamshukuru kwa mizigo yote iliyofika na kwa madereva saba aliowafundisha, ambao wote wanaringa. Kuhusu zawadi, wengine walitaka redio, wengine saa ya ukutani. Mama Jenoveva alipoulizwa, alisema mama yake amezeeka na anakuja kuishi nao baada ya mavuno, na nyumba ina mlango mmoja tu. Magoti ya Mzee Fanueli si ya madirisha tena.

Kwa hiyo tumemchongea mlango wa nyuma, wa mbao ya mti wa mkulo, bawaba zimepakwa mafuta usipige kelele. Mgoshi, nenda ukapumzike. Tunakuombea uzee wa raha, wewe, mkeo na mkweo, kila mtu kwa mlango wake.