Fundi Gonga na Kigae cha Safu ya Tano

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Gonga, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949, mtoto wa pili wa baba seremala na mama mshonaji. Maneno haya yameandikwa na binti yake wa pekee, ndiye anayeyasoma. Anaomba mumvumilie, maana yamo mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1957, akamaliza la saba mwaka 1963. Siku ya mtihani wa hesabu alitolewa nje kwa kugonga dawati. Alijitetea kwamba dawati lina ufa. Likapinduliwa, na kweli ufa ukaonekana. Viboko alivipata vilevile.

Baba yake alitaka awe seremala, yeye akaangukia vigae. Aliingia kazini mwaka 1968 na hakutua mwiko mpaka 2016. Kila kigae alikipaka gundi mgongo mzima, na kesho yake alirudi kuugonga ukuta wote kwa kifundo cha kidole, kimoja baada ya kingine. Kilicholia utupu, yaani gundi haikujaa nyuma yake, kilibanduliwa papo hapo. Mteja akilalamika kwamba anacheleweshewa nyumba, jibu lilikuwa moja: "Kawia ufike." Binti alijua kugonga kigae kabla hajajua kusoma.

Alifunga ndoa tarehe 7 Septemba 1974 na karani wa posta, mwanamke mcheshi aliyemwita "wewe fundi" hata mbele za wageni. Zawadi ya mzee seremala kwa maharusi ilikuwa ukuta wa mbao chumbani mwao. Mchwa waliula polepole kwa miaka zaidi ya thelathini, mpaka mtu akiugusa kidole kinazama. Mkewe alilia kama amefiwa. Basi marehemu akamwahidi mbao ambazo mchwa hataziweza: vigae virefu vyenye sura ya mbao, mishipa na vifundo vyote vimo. Shemeji yake alipoiona nusu iliyokwisha alikimbilia dukani kuleta dawa ya mchwa, akaipulizia yote kabla ya kuambiwa kwamba ni vigae. Nyumba nzima ilicheka wiki mbili.

Jumamosi tarehe 9 Juni 2012, saa tano asubuhi, marehemu alikuwa safu ya tano kutoka chini, gundi ameshapaka. Mkewe alimwita kutoka jikoni, kwa sauti ya kawaida tu.

"Nimalizie hiki kimoja, nakuja," alimjibu.

Alikibandika, akakipima kwa pimamaji, akafuta kingo. Alipofika jikoni alimkuta mkewe ameketi sakafuni, ameegemea kabati, roho imeshatoka. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hata angekimbia asingewahi. Marehemu alimshukuru daktari, lakini hakumwamini.

Baada ya maziko aliugonga ukuta wake kama desturi. Vigae vyote vilikuwa vimejaa, isipokuwa kile kimoja. Alikibandua, akakuta gundi imejaa kote, mgongoni na ukutani. Akakirudisha. Kikalia utupu. Katika miaka iliyofuata alikibandua mara sita, na mara ya mwisho alimwita fundi mwenzake washuhudie pamoja.

"Hapa hapaingii hata sindano," mwenzake alisema.

"Sasa mbona kinalia?"

"Hebu kigonge tena."

Marehemu akagonga mara mbili. Kikalia mara tatu. Mwenzake alikusanya vifaa vyake akaaga, na tangu siku hiyo hakukanyaga chumba kile. Yupo hapa leo, na anajua haya si uongo.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua, vumbi la kukata vigae likidai haki yake. Binti alihamia kwake kumuuguza. Marehemu aliomba kitanda kisogezwe ukutani, na kila asubuhi binti alimsikia akigonga mara mbili na kusema, "Nakuja." Ilimkera, tena ilimtia hofu.

"Baba, achana na ukuta."

"Nilimwambia nakuja, mwanangu. Mtu ukishamwambia hivyo, unaenda."

Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa nne asubuhi, alimwita binti yake kutoka chumbani, kwa sauti ya kawaida tu. Binti alikuwa jikoni anachuja uji.

"Dakika moja, baba, namalizia."

Akamalizia. Akaosha na chujio. Alipoingia alimkuta amegeukia ukutani, kiganja juu ya kigae cha safu ya tano, uso umetulia kuliko siku nyingi. Binti alilia, kisha akakigonga. Kilikuwa kimejaa. Alishukuru moyoni kwamba baba yake amefika alikoahidi. Lakini mkono uliofunzwa tangu utotoni haukukoma hapo. Uligonga na kile cha upande wake wa kulia, nacho kikalia utupu.

Ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu watatu, shemeji yule wa dawa ya mchwa, na ukuta. Ndugu wameshauri ubomolewe. Binti ameomba usiguswe na mtu. Leo, kabla ya kuja hapa, aliugonga mara mbili, akajibiwa mara tatu. Akaegemeza paji la uso kwenye kile kigae cha upande wa kulia.

"Nimekusikia, baba," alisema. "Nakuja. Ila ni wewe uliyenifundisha: kawia ufike."

Fundi wetu apumzike salama, yeye na aliyemngoja.