Mzee Vitufe na Kufuli la Watoto

Baada ya miaka ishirini na minane ya kukabidhi magari kwa wenyewe hapa kwenye duka letu la magari, Mzee Vitufe anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Tunasema rasmi kwa sababu ameshastaafu mara mbili, na mara zote Jumatatu yake alikuwa mlangoni kabla ya mlinzi, akidai limeingia toleo jipya la gari ambalo sisi wengine hatutaliweza.

Kazi yake ni kumfundisha mteja gari alilonunua. Gari lake la roho ni lile la familia, la siti saba, lililoinuka kiasi cha kuvuka mashimo bila kuwa kubwa hadi likose pa kuegeshwa. Wengine hulieleza kwa robo saa. Yeye huchukua saa tatu. Hatoi funguo mpaka nyumba nzima ikae na kufunga mikanda, na baba apelekwe safu ya tatu, magoti kidevuni, akaonje mahali alipopanga kumweka mama mkwe. Wengi walitoka huko na adabu mpya.

Tusimpambe sana. Ni yeye aliyewaonyesha wageni buti linalojifungua ukipitisha mguu chini ya bampa. Alipitisha kwa nguvu, kiatu kikaruka hadi mezani kwa mhasibu, na buti halikufunguka. Gari lile halikuwa na kifaa hicho. Mpaka leo anasema kosa ni la gari.

Kisha kuna siku ya kufuli la watoto, lile linalofanya mlango wa nyuma ufunguke kwa nje tu. Alikuwa ameliweka ili amwonyeshe mama mmoja mwenye mapacha watundu. Meneja akaingia kuketi nyuma na yule mama, akisifia viti. Mzee Vitufe akafunga milango, akaenda kula. Meneja, kwa mwili aliojaliwa, hakuweza kupenya kwenda mbele. Mama angeweza, akakataa. Alisema ndiyo kwanza anapumzika. Walikaa dakika arobaini. Meneja alitoka ameloa jasho, ameapa kumfukuza mtu kazi, lakini mama akalinunua gari palepale. Pacha mmoja aliwahi kufungua mlango gari likitembea, na sasa alikuwa ameona kwamba hata meneja hatoki.

Wiki iliyopita alikuja mke wa Mzee Vitufe, ambaye sote tunamwita Shangazi. Kila mwaka huahidiwa safari ya kwenda kwa dada yake, mwendo wa saa nane, na kila mwaka huingia toleo jipya. Sasa macho ya dada yanafifia, na anauliza kama watafika angali anaweza kuwaona sura. Shangazi hakutugombeza. Alituomba tu safari hii tumwache mumewe aende.

Tuliona aibu, kwa sababu Mzee hakujirudisha kazini mwenyewe. Mara zote mbili ni sisi tuliompigia simu arudi.

Kwa hiyo Ijumaa tutampeleka nyumbani kwa gari la siti saba, ambalo meneja amewaachia kwa wiki mbili. Mzee atakaa nyuma, na kufuli la watoto tumeshaliweka. Shangazi ndiye atakayemfungulia, akiwa na mizigo ya safari ya kwa dada yake tayari.

Asante, Mzee Vitufe, kwa kila familia uliyoifikisha salama. Tutakukumbuka mno, na tunakutakia maisha mema na barabara nzuri. Simu hatupigi.