Wanaume Nje

Kila Jumamosi alasiri, katika uchochoro mmoja wa Napoli, wanawake hujazana chumbani kwa Nannina kucheza tombola, ule mchezo wa bahati wa kufunika namba kwenye kadi, na wanaume hukaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Ndiyo sheria. Nannina mwenyewe alizaliwa mtoto wa kiume wa muuza samaki, akakua akawa shangazi wa mtaa mzima. Yeye huchomoa namba kikapuni na kuzitangaza kwa matusi matamu, kila namba na jina lake la mtaani, na watoto wachanga hupelekwa kwake awapakate wapate bahati. Hakuna aliyewahi kumjadili. Lakini leo benchi lilikuwa linamjadili mtoto wa Aniello fundi viatu: alibatizwa Assunta, sasa ana miaka ishirini na anaitwa Gaetano, jina la babu yake, alilojichagulia mwenyewe. Jumatatu anaanza sindano za homoni hospitalini, na amemwomba baba yake amsindikize. Aniello hajamjibu. Alikuwa anakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari.

— Sindano hizo nazijua, alisema Daktari, ambaye maisha yake yote aliendesha gari la mashuka ya hospitali. Zinaotesha ndevu, zinakwaruza sauti. Na nywele za kichwani zinaweza kukuaga.

Kipara alivua kofia taratibu, kama yuko msibani.

— Yaani kuna mtu anakwenda kwa hiari yake kutafuta hiki?

— Wewe chako kilikuja bure, shukuru.

— Basi asubiri kidogo, Don Aniello, alisema Kipara. Mwili si shati, hurudishi dukani. Binti yangu alitaka utawa, ukamtoka kabla ya Pasaka.

— Huyu ameyasema tangu hajang'oka meno, alisema Aniello. Komunio ya kwanza alikwenda kanisani na suruali yangu, kaikunja mpaka magotini.

— Suruali kitu gani? Hata mke wangu anavaa suruali.

— Mkeo ndiye mwanamume wa nyumba ile, alisema Daktari. Nisikilizeni mimi. Mwanamume anajulikana gari likiharibika. Anafungua boneti, anatazama injini, haelewi kitu, anafunga.

— Uongo. Mwanamume ni yule asiyeuliza njia.

— Gaetano alipotea Roma kutwa nzima, alisema Aniello. Hakumuuliza mtu.

Ushahidi huo ulikuwa mzito.

— Mwanamume halii, alijaribu tena Kipara.

— Kwenye ile penalti alilia nani? Mimi?

— Ile ilikuwa penalti, bwana. Mwanamume haogopi. Haogopi kitu. Hapo sasa nibishieni.

Sauti ya Nannina ikatoka dirishani.

— Na mimi mnaniweka wapi, nyie mabingwa?

— Wewe ni Nannina, alisema Daktari kwa heshima. Na wewe hukwenda hospitali yoyote.

— Sikwenda kwa sababu sikutaka. Nilichotaka mimi si kipimo cha mtu mwingine. Sabini na saba, miguu ya wanawake! Sasa nyamazeni, mnanichanganyia namba.

Aniello alitamani kumuuliza kitu Nannina, hakujua aanzie wapi. Hakuwa na hasira na mtoto. Aliogopa tu, na aliona haya kuogopa.

Mlango ukafunguliwa. Nannina alikuwa anamsukuma Gaetano nje, kadi ya tombola mkononi, maharagwe ya kufunikia namba yakimdondoka.

— Wanaume nje, alisema.

— Kabakiza namba moja tu! Bibi yake alilalamika ndani.

— Sheria ni sheria, mama.

Mlango ukafungwa. Gaetano alisimama pale, amenuna na anatabasamu kwa pamoja. Kipara akavuta makalio yake kando.

— Kaa. Injini za gari unazijua?

— Sizijui.

— Vizuri. Kaa hapa.

Gaetano akakaa, akaipanga upya kadi yake mapajani.

— Nyie ni wanaume wa siku nyingi, alisema. Nisaidieni. Mkiogopa sindano huwa mnafanyaje?

Daktari akachungulia kikombe chake. Kahawa ilikuwa imekwisha. Mwaka jana, kwenye chanjo ya mafua, walimtoa wamembeba. Kipara alivaa kofia mpaka kwenye nyusi. Aniello alikumbuka siku mtoto huyu alipozaliwa: alimwona nesi kashika bomba la sindano, na kilichofuata alisimuliwa.

— Tisini, alitangaza Nannina dirishani. Woga.

Wanawake wakacheka. Gaetano akaitazama kadi yake.

— Hii ndiyo niliyobakiza.

Aniello aliinama, akaokota haragwe moja chini, akaliweka juu ya ile tisini.

— Jumatatu saa ngapi, Gaetano?

— Saa mbili asubuhi, baba.

— Nitakuja. Waambie waandae vitanda viwili, mimi huzimia.